Saa, Hesabu na Maabara: Kutafuta Chanzo cha Sumu ya Bakteria katika Chakula

Bila shaka wasomaji wengi wamepata kusikia habari ya arusi, matanga au sikukuu ya shule iliyokwisha kwa maradhi. Watu hula pamoja mchana, na usiku makumi yao huumwa matumbo. Jambo kama hilo likitokea, iwe Musoma mjini, Bunda au katika kijiji cha Butiama, swali la kwanza huwa moja: nani aliyepika? La pili hufuata upesi: ana ugomvi na nani? Kabla ya jua kuchomoza mpishi amekwisha kuwa mshtakiwa, na pengine bibi kizee mmoja ameanza kutajwa kwa minong'ono kwamba ametia mkono wake katika sufuria.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ipo njia nyingine ya kuuliza. Njia hiyo haianzi na mtu. Huanzia katika chakula, katika joto na katika wakati. Ina vyombo vitatu, yaani saa, hesabu na maabara. Viwili vya kwanza vimo mikononi mwa kila mwanafunzi wa sekondari anayejua kugawanya na kutafuta asilimia. Cha tatu kinahitaji wataalamu, lakini hata hao hawawezi kufanya kazi ikiwa sisi tuliokuwapo tumekwisha kumwaga chakula na kuosha vyombo.

Bakteria na sumu zao

Magonjwa mengi ya chakula hutokea kwa kuwa bakteria wenyewe huingia mwilini na kuushambulia. Homa ya matumbo ni mfano unaojulikana. Hapa tunashughulika na kundi ambalo silaha yake ni sumu. Kundi hili lina matawi mawili. Katika tawi la kwanza sumu hutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijaliwa, hata mlaji huimeza ikiwa tayari. Katika tawi la pili bakteria humezwa wakiwa wengi, nao huitengeneza sumu wakiwa ndani ya utumbo. Tofauti hii ndiyo inayotupa kipimo cha saa, kama tutakavyoona.

Wa kwanza kutajwa ni Staphylococcus aureus, ambaye tutamwita stafilokoka. Huishi puani na katika ngozi za watu wengi wenye afya, na hujaa katika majipu na vidonda vyenye usaha. Huingia katika chakula kwa mkono wa mpishi. Mwaka 1914 M. A. Barber, mtaalamu wa bakteria kutoka Marekani, alichapisha uchunguzi alioufanya katika shamba moja la Ufilipino. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, yakinywewa mara tu baada ya kukamuliwa, hayakuleta madhara. Lakini yakiachwa kwa saa kadhaa katika joto la kawaida, yalimtapisha mnywaji. Barber aliyanywa mwenyewe ili kuthibitisha. Mfugaji wa Mara, ambaye anaijua vema sura ya kiwele kilichovimba, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Wa pili ni Bacillus cereus, anayeishi udongoni na kupatikana mara nyingi katika nafaka, hasa mchele. Ana sumu ya aina mbili: moja hutengenezwa katika wali uliopoa na kuachwa, nayo huleta kutapika, nyingine hutengenezwa ndani ya utumbo, nayo huleta kuharisha.

Wa tatu ni Clostridium perfringens, bakteria wa sufuria kubwa za nyama. Hapendi hewa ya oksijeni, na katikati ya mchuzi mzito hupata makao anayoyataka. Katika joto la digrii 43 hadi 45 za Sentigredi aweza kujigawa maradufu kwa muda wa dakika 10 hivi. Sumu yake hutengenezwa ndani ya utumbo.

Wa nne, na wa kutisha kuliko wote, ni Clostridium botulinum, ambaye tutamwita botulini. Naye hukimbia oksijeni. Alitambuliwa baada ya msiba uliotokea mwaka 1895 katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, ambako wanamuziki waliopiga bendi katika maziko walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi bila kupikwa. Watatu walifariki. Profesa Émile van Ermengem alimpata bakteria huyo katika nyama na katika mwili wa marehemu mmojawapo. Sumu yake haishambulii tumbo bali mishipa ya fahamu. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope humlegea, kinywa humkauka, maneno humtoka kwa shida, kisha misuli hulegea kuanzia kichwani kwenda chini mpaka ile ya kupumulia.

Kwa nini moto hautoshi

Watu wengi huamini kwamba chakula kilichochemka hakina lawama. Imani hii ina ukweli nusu.

Kwanza, bakteria watatu wa mwisho hujua kujigeuza kuwa vijimbegu, yaani spora, vyenye ganda gumu lisilotishwa na maji yanayochemka. Vijimbegu vya botulini huuawa kwa hakika katika joto la digrii 121 kwa dakika 3, joto ambalo sufuria ya kawaida haiwezi kulifikia. Tena wakazi wa Mara wana jambo la ziada la kukumbuka. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri tunavyopanda, maji ya Musoma huchemka katika joto la digrii 96 hivi, wala si 100.

Pili, sumu zenyewe hazilingani mbele ya moto. Sumu ya botulini huharibika kwa kuchemshwa vema kwa dakika 10, hata katika maji ya Musoma. Sumu ya stafilokoka, kinyume chake, huvumilia kuchemshwa kwa nusu saa. Na ile sumu ya wali inayoleta kutapika huvumilia joto la digrii 126 kwa dakika 90. Kwa hiyo kupasha moto kiporo kwaweza kuwaua bakteria wote na bado mlaji akatapika, kwa kuwa sumu waliyoiacha ingali mle mle.

Hatari kubwa, basi, haimo jikoni wakati moto ukiwaka. Imo katika saa zile ambazo chakula kinapoa polepole. Tuchukue bakteria mmoja anayejigawa kila dakika 20. Katika saa 8 za usiku mmoja atakuwa amejigawa mara 24, na wazao wake watakuwa 16,777,216. Sufuria kubwa huwapa nafasi hiyo. Ukizidisha upana na kimo cha sufuria mara mbili, ujazo wake huongezeka mara 8, lakini eneo la nje linalotoa joto huongezeka mara 4 tu. Kila lita ya mchuzi, kwa hiyo, ina nusu tu ya eneo la kutolea joto lililokuwa likipatikana katika sufuria ndogo. Ndiyo sababu chakula cha nyumbani hupoa mapema, na chakula cha shughuli hubaki vuguvugu hadi alfajiri.

Chombo cha kwanza: saa

Mchunguzi anapofika, huuliza kila mgonjwa mambo mawili: alikula saa ngapi, na dalili ya kwanza ilimpata saa ngapi. Tofauti ya nyakati hizo huitwa kipindi cha kuatamia. Sumu iliyokwisha kuwa tayari katika chakula haina haja ya kungoja. Stafilokoka hutapisha kwa kawaida baada ya saa 2 hadi 4, ingawa yaweza kuwa nusu saa au saa 8. Sumu ya wali ya kutapisha huchukua nusu saa hadi saa 6. Bakteria wanaotengeneza sumu ndani ya utumbo huhitaji muda zaidi: yule wa nyama huchukua saa 6 hadi 24, na yule wa wali anayeharisha saa 6 hadi 15. Botulini huchukua mara nyingi saa 12 hadi 36, lakini pengine siku kadhaa.

Pamoja na saa huandikwa dalili. Kutapika kwa ghafula bila homa huelekeza kwenye tawi la kwanza. Msokoto wa tumbo na kuharisha, bila homa na bila kutapika sana, huelekeza kwenye tawi la pili. Kope zilizolegea na kuona vitu viwili viwili ni dalili zisizongoja uchunguzi wowote: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuipinga sumu ya botulini husaidia ikitolewa mapema.

Chombo cha pili: hesabu

Hebu tufanye zoezi. Tarakimu zinazofuata si za tukio lolote la kweli. Zimetungwa kwa ajili ya somo. Tuseme arusi imefanyika kijijini kati ya Bunda na Butiama. Chakula kililiwa saa 8 mchana. Wagonjwa wa kwanza walianza kuumwa saa 2 usiku, wa mwisho saa 8 usiku, na wengi wao saa 5 usiku. Dalili ni msokoto wa tumbo na kuharisha, homa hakuna. Wachunguzi wamewahoji watu 100 waliokula, na kati yao 46 waliugua.

Kipindi cha kuatamia ni saa 6 hadi 12, na katikati yake ni saa 9. Saa peke yake imekwisha kuondoa stafilokoka na sumu ya wali ya kutapisha. Wamebaki bakteria wa nyama na yule wa wali anayeharisha. Je, ni nyama au ni wali?

Mtu asiyejua njia atawauliza wagonjwa tu. Atakuta kwamba kati ya wagonjwa 46, waliokula wali ni 42. Atapiga kelele kwamba wali ndio mbaya. Lakini akiuliza tena atakuta kwamba waliokula nyama nao ni 42. Wagonjwa peke yao hawawezi kumsaidia. Hana budi kwenda kuwahoji wale ambao hawakuugua, watu ambao kwa kawaida hakuna anayewajali siku hiyo. Akifanya hivyo atapata jedwali hili:

Nyama ya mchuzi: waliokula 70, wakaugua 42, yaani asilimia 60. Wasiokula 30, wakaugua 4, yaani asilimia 13.
Wali: waliokula 90, wakaugua 42, yaani asilimia 47. Wasiokula 10, wakaugua 4, yaani asilimia 40.
Samaki wa kukaanga: waliokula 40, wakaugua 18, yaani asilimia 45. Wasiokula 60, wakaugua 28, yaani asilimia 47.
Maziwa mgando: waliokula 50, wakaugua 24, yaani asilimia 48. Wasiokula 50, wakaugua 22, yaani asilimia 44.

Sasa jambo limekuwa wazi. Katika wali, samaki na maziwa, kula au kutokula hakukuleta tofauti kubwa. Katika nyama, aliyekula alikuwa katika hatari mara 4 na nusu kuliko asiyekula. Wali ulionekana mbaya kwa sababu tu karibu kila mtu aliula.

Mwanafunzi makini atauliza juu ya wale 4 waliougua bila kula nyama. Pengine walitiliwa mchuzi juu ya wali wakausahau. Pengine kijiko kimoja kilipakulia sufuria mbili. Pengine walikuwa na ugonjwa mwingine. Atauliza pia juu ya wale 28 waliokula nyama wakabaki wazima. Pengine walikula kidogo, au walipakuliwa kutoka sufuria nyingine. Hesabu ya namna hii haidai kwamba kila mtu atafuata kanuni. Hutafuta mahali ambapo tofauti ni kubwa mno kuwa ya bahati.

Baada ya hapo mchunguzi huingia jikoni akiwa na swali lililo wazi: nyama ilipikwa lini, ilikaa wapi, ilipashwa moto kiasi gani? Tuseme anajibiwa kwamba ilichemshwa jioni ya jana, ikafunikwa katika sufuria kubwa hadi asubuhi, ikapashwa moto kidogo tu kwa sababu kuni zilikuwa chache. Hapo mlolongo umekamilika: vijimbegu vilivyonusurika, usiku wa uvuguvugu, na moto usiotosha. Hakuna adui aliyetia mkono.

Chombo cha tatu: maabara

Saa na hesabu hutoa dhana yenye nguvu. Maabara huithibitisha au kuikataa. Mabaki ya chakula na choo cha wagonjwa huwekwa katika vyombo safi vyenye vifuniko, huandikwa jina la kitu, tarehe na saa, na kusafirishwa katika kasha la barafu bila kugandishwa, maana bakteria wa nyama hufa wakigandishwa. Maabara ikihesabu bakteria hao 100,000 au zaidi katika gramu moja ya nyama, dhana imethibitika.

Pengine maabara huona kile ambacho hesabu haikukiona. Mfano wa kweli ulitokea nchini Uganda mwezi Oktoba 2008, katika shule moja ya bweni. Wanafunzi watatu walipatwa na dalili za botulini. Wote walilazwa hospitali, na mmoja akafariki. Wachunguzi waliwahoji wanafunzi juu ya vyakula walivyokula, wakalinganisha waliougua na wasiougua kama tulivyofanya katika zoezi letu. Hakuna chakula kilichojitokeza kwa tofauti ya kutosha. Wagonjwa watatu ni wachache mno kwa hesabu ya namna hiyo. Lakini wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha kutilia ladha chakula, kilichotengenezwa nyumbani na chenye mafuta mengi. Maabara iliikuta sumu ya botulini ya aina A katika sampuli za wagonjwa na katika kiungo hicho.

Msomaji aliyefuata maelezo ya awali ataona sababu. Mafuta huizuia hewa, na ndani yake kijimbegu kilichovumilia moto wa jikoni hupata mahali pasipo oksijeni. Kopo la kiungo huliwa bila kuchemshwa tena, kwa kuwa hunyunyizwa tu juu ya ugali na maharage. Ni wanafunzi wangapi wa bweni, kutoka Musoma hadi pwani, wasiorudi shuleni na kopo la namna hiyo? Kenya nayo imepata kutoa taarifa za ugonjwa huu: mwaka 1979 ilichapishwa habari ya wafugaji waliokunywa maziwa yaliyochachuka, na mwaka 1980 habari ya watu waliokula kumbikumbi.

Si kila sumu ni ya bakteria

Mchunguzi hana budi kuilinda akili yake dhidi ya jibu la haraka, hata jibu la bakteria. Mkoa wa Mara wenyewe unatupa mfano. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu kadhaa wa wilaya ya Tarime, hasa wanawake na watoto, walikakamaa miguu yote miwili kwa ghafula. Akili zao zilikuwa timamu. Baadhi waliweza kuutafuta uchawi. Watafiti walitafuta katika chakula, wakakuta kwamba njaa ilikuwa imewafanya watu kupunguza siku za kuandaa muhogo mchungu, na hivyo sayanidi haikupata nafasi ya kutoka. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Tazama jinsi maelezo sahihi ya dalili yanavyogawanya njia: botulini hulegeza misuli kuanzia juu, konzo hukakamaza miguu. Tena, katika kuvundika muhogo, bakteria ni rafiki, kwa kuwa ndio wanaosaidia kuitoa sumu.

Yanayoweza kufanywa na shule

Jiko la shule laweza kuweka kila siku kiasi kidogo cha kila chakula katika chombo safi chenye kifuniko, ndani ya jokofu, kwa siku tatu, pamoja na daftari la saa za kupika na kupakua. Nyama ya kesho igawanywe katika vyombo vipana vyenye kina kifupi ili ipoe upesi, kisha ichemshwe tena kwa nguvu kabla ya kuliwa. Mwenye jipu au kidonda mkononi apewe kazi nyingine mpaka apone. Kiungo cha mafuta kisichoweza kukaa katika baridi kiliwe siku ile ile kilipotengenezwa. Na watu wakiugua, Afisa Afya aitwe kabla ya sufuria kuoshwa.

Mazoezi kwa darasa

1. Bila kutazama maelezo, rudia kukokotoa asilimia za jedwali. Je, hitimisho lingekuwa nini kama wachunguzi wangewahoji wagonjwa 46 tu?

2. Chemsha maji, kisha jaza sufuria kubwa moja na bakuli pana lenye kina kifupi. Pima joto la kila kimoja kwa themomita baada ya kila nusu saa. Chora grafu mbili, na uonyeshe kila chombo kilikaa muda gani kati ya digrii 60 na 20.

3. Pima joto la maji yanayochemka shuleni kwenu. Eleza kwa nini tarakimu uliyoipata si 100, na ni sumu ipi kati ya zilizotajwa inayoharibika katika joto hilo.

4. Watu 12 wamekula pamoja saa 6 mchana, na saa 9 alasiri 7 kati yao wanatapika bila homa. Taja bakteria wawili wa kushukiwa, na uandike maswali matano ambayo ungemwuliza mpishi bila kumfanya ajione mshtakiwa.